Kompyuta hujua kusema 'sijui', mbona ofisi zetu haziwezi?

UKIPANDA basi kutoka Garissa kwenda Nairobi, safari haianzi stendi. Inaanza kwenye daraja la Mto Tana. Gari linasimama, abiria mnateremka, foleni inajipanga yenyewe kwa mazoea, na kila mtu anatoa kitambulisho. Afisa anaiangalia kadi, anakuangalia usoni, anairudisha. Akiishikilia sekunde chache zaidi, roho inaanza kudunda hata kama hujamkosea mtu.

Sasa jiulize: pale darajani afisa anapata kujua nini hasa? Kadi inamwambia jina lako, sura yako, nambari yako na mahali ulikozaliwa. Inamwambia kwamba siku fulani serikali ilikutambua. Haimwambii kama kadi hiyo bado ni halali leo asubuhi. Pengine iliripotiwa kuibwa wiki jana. Pengine ilifutwa. Kujua hilo, macho hayatoshi. Lazima aulizwe mwenye daftari.

Nimeanza na daraja kwa sababu nataka kuzungumzia kitu ambacho simu yako inakitegemea na pengine hujawahi kukisikia: seva zinazoitwa responda, ambazo kazi yake ni kujibu swali moja tu, "Cheti hiki bado ni kizima?" Nitaeleza zinavyofanya kazi, na zinavyokosea. Kisha nitarudi kwa vitambulisho, maana hoja yangu iko huko. Waliounda mfumo wa kukagua vyeti vya kompyuta walikipa cheti heshima ambayo maelfu ya vijana wa Kaskazini Mashariki hawajaipata.

Tuanze na msingi. Tovuti ya benki, ya chuo, ya serikali, zote zina cheti cha kidijitali. Cheti hicho hutolewa na mamlaka ya vyeti, yaani shirika ambalo simu yako inaliamini tangu ilipotoka kiwandani. Ndani yake mna jina la tovuti, nambari ya cheti, jina la aliyekitoa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Simu inakagua saini, inakagua tarehe, inaendelea. Lakini vipi kama ufunguo wa siri wa tovuti hiyo uliibwa jana? Saini bado ni nzuri. Tarehe bado haijafika. Ukikitazama ni kizima, kumbe kimekufa.

Dawa ya kwanza ilikuwa orodha. Mamlaka ilichapisha nambari za vyeti vyote ilivyobatilisha, na kila kompyuta ikaipakua orodha nzima. Orodha ikanenepa, ikawa inakula bando. Ndipo Juni 1999 ikachapishwa kanuni ya kiufundi inayoitwa RFC 2560, ikaeleza utaratibu wa OCSP. Mwaka wa 2013 ikarekebishwa na kuitwa RFC 6960. Wazo ni rahisi: usibebe daftari zima, uliza kuhusu mstari mmoja. Anayejibu ndiye responda.

Swali lenyewe ni fupi sana. Linataja nani aliyekitoa cheti na nambari yake. Responda inatazama daftari lake na kurudisha jibu moja kati ya matatu. La kwanza, kizuri. La pili, kimebatilishwa. La tatu, sijui.

Tulia hapo kwenye la tatu. Kanuni inaeleza maana yake: responda hii haikijui cheti hicho, kwa kawaida kwa sababu kilitolewa na mamlaka ambayo yenyewe haihudumii. Na kanuni inaongeza kwamba muulizaji anaweza kuamua kutafuta jibu kwingine. Yaani mashine inakuambia, "Mimi sina habari zake, labda mwenzangu anazo." Haikutusi na haikuhukumu. Sijui haimaanishi hapana.

Jibu lenyewe huja na adabu zake. Lina saini, kwa hiyo unajua nani amelisema. Lina saa lilipotolewa na, kwa kawaida, saa ambapo taarifa mpya itapatikana, kwa hiyo jibu la mwaka jana halikufungi leo. Kama cheti kimebatilishwa, jibu linataja siku kilipobatilishwa, na linaweza kutaja sababu: ufunguo uliibwa, mwenye cheti amehama, au kimesimamishwa kwa muda tu. Hiyo ya mwisho inaweza kuondolewa uchunguzi ukiisha, cheti kikarudi kazini.

Hayo yote kwa ajili ya faili dogo la kompyuta, walaal. Faili ambalo halina mama wala shamba.

Sasa tuje kwenye Wi-Fi, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanakutana na haya mambo uso kwa uso. Vyuo vingi vya Kenya vimejiunga na eduroam kupitia KENET, na ofisi nyingi zina mtandao wa aina hiyo hiyo: unaingia kwa jina lako na neno la siri lako, au kwa cheti kilichowekwa kwenye laptopu yako. Nyuma ya pazia kuna seva ya uthibitishaji, mara nyingi programu ya bure inayoitwa FreeRADIUS. Seva hiyo ndiyo bawabu. Inaonyesha cheti chake kwanza, ili simu yako ijue kwamba imefika kwenye chuo chenyewe na si kwa jamaa aliyekaa hosteli na laptopu, akaupa mtandao wake jina lile lile ili akusanye maneno ya siri ya watu.

Fungua mipangilio ya mtandao kama huo kwenye simu ya Android ya miaka ya karibuni. Utaona mstari unaohusu hali ya cheti mtandaoni. Unakupa nafasi ya kuchagua: usiulize kabisa, uliza lakini usilazimishe, au lazimisha. Wengi wetu tunaacha ilivyo, tunabonyeza kuendelea, tunakimbilia WhatsApp. Lakini huo mstari ndio responda inapoingilia.

Na hapo pana kitendawili. Simu bado haijaingia kwenye mtandao. Itaiulizaje responda ambayo iko kwenye intaneti? Ni kama kuambiwa uonyeshe kitambulisho ndipo uingie ofisi ya kuomba kitambulisho. Waliotatua kitendawili hiki walitumia akili nzuri: seva yenyewe inaiuliza responda mapema, inapokea jibu lenye saini na saa, kisha inalibana na cheti chake kama karatasi mbili kwa stepla. Simu inapopiga hodi, inapewa vyote viwili pamoja. Seva haiwezi kughushi jibu kwa sababu saini si yake. Mzigo wa kutafuta uthibitisho umeondolewa kwa anayebisha mlango, ukapewa mwenye nyumba, ambaye tayari ana intaneti.

Kumbuka hilo. Mzigo amepewa mwenye uwezo wa kuubeba.

Upande wa pili, kama laptopu yako ndiyo yenye cheti, basi bawabu ndiye anayeiuliza responda kukuhusu. Umepoteza laptopu kwenye matatu? Chuo kinabatilisha cheti, responda inaanza kusema kimebatilishwa, na aliyeiokota hawezi kuingia. Safi kabisa. Lakini je, responda ikinyamaza? Umeme umekatika, laini imekufa, seva imejaa. Bawabu afanye nini na wanafunzi mia wanaosubiri kuingia?

Kwenye FreeRADIUS, uamuzi huo ni mstari mmoja wa mipangilio unaoitwa softfail. Ukiuweka hapana, responda ikinyamaza basi hakuna anayeingia. Ukiuweka ndiyo, responda ikinyamaza watu wanapita kana kwamba wako sawa. Neno moja tu, ndiyo au hapana, lakini ndani yake kuna swali zima la siasa: tukikosa habari, tumuumize nani?

Mtu wa Nairobi anaweza kulijibu swali hilo haraka. Kwetu ni gumu zaidi. Mara kadhaa milingoti ya simu imelipuliwa na al-Shabaab katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na watu wakaachwa bila mawasiliano. Mji unaweza kuwa na intaneti ya fiba, lakini ukitoka kidogo tu nje ya mji, mtandao unasuasua. Jua letu nalo linakausha betri. Kompyuta ya saiba ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa inaamka kila asubuhi ikidhani ni miaka kumi iliyopita, na vyeti vyote vinaonekana kama havijaanza kutumika. Mwenye saiba anarekebisha saa, mambo yanaendelea. Hakuna mwizi hapo. Kuna saa mbovu tu.

Kwa hiyo ukimlazimisha kila mtu apate jibu kamili kabla ya kuhudumiwa, utakuwa umewafungia watu nje kwa kosa la mlingoti. Ukiwaachia wote, mwizi anajua la kufanya: akate mawasiliano na responda, apite. Mwaka wa 2009 mtafiti Moxie Marlinspike alionyesha jinsi ilivyo rahisi. Kati ya majibu ya OCSP kuna moja la kusema "jaribu baadaye", na hilo halina saini. Mshambuliaji aliye katikati ya njia analituma yeye mwenyewe, na kivinjari, kwa upole wake, kinaendelea. Mwaka wa 2012 Google ilipoacha ukaguzi huu katika Chrome, mhandisi wake Adam Langley aliufananisha na mkanda wa usalama wa gari unaokatika pale tu unapogonga.

Wala usifikiri ni wadogo tu wanaoteleza. Novemba 12, 2020, responda ya Apple ilizidiwa. Kompyuta za Mac duniani kote zikaanza kukwama kila mtu alipofungua programu, kwa sababu zilikuwa zinasubiri jibu. Cha kuchekesha ni kwamba aliyezima intaneti alifanya kazi vizuri. Mac isiyo na mtandao ilijua kwamba haina wa kumuuliza, ikaendelea. Iliyo na mtandao ilipiga simu ikasubiri, ikasubiri. Sisi tuliozoea mtandao wa kusuasua tunajua: bora ujue moja kwamba hakuna, kuliko kuambiwa subiri.

Kisha kuna kosa la aina nyingine, baya zaidi. Mwaka wa 2011 wadukuzi waliingia katika kampuni ya Uholanzi iitwayo DigiNotar, wakajitengenezea vyeti bandia, kikiwemo cha Google. Vyeti hivyo havikuwa kwenye daftari la kampuni. Responda yake, ikiulizwa, ilikuwa inatazama tu kama nambari iko kwenye orodha ya vilivyobatilishwa. Haimo? Basi ni kizuri. Kumbe "kizuri" kilimaanisha tu "sina baya nililoandikiwa juu yake". Uchunguzi ulikuta kwamba takriban anwani 300,000 za intaneti, karibu zote za Iran, ziliuliza kuhusu cheti hicho cha Google. Watu walikuwa wakisomewa barua pepe huku mashine ikiwaambia mambo ni sawa. Kampuni ikafilisika Septemba mwaka huo huo, baada ya siri kufichuka.

Hebu sasa turudi nyumbani.

Mnajua habari za usajili wa mara mbili, maana hakuna familia kubwa Garissa isiyo na mtu wake. Kambi za Dadaab zilianza mwaka wa 1991. Ukame ulipokaza, mifugo ikafa, baadhi ya familia za Wakenya waliokuwa jirani na Ifo, Dagahaley na Hagadera ziliandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate unga, mafuta na matibabu. Mtoto hakuulizwa. Alishikwa mkono akabonyeza kidole. Miaka ikapita. Akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho, akabonyeza kidole kile kile, na mfumo ukatoa jibu: huyu ni mkimbizi. Ombi limekataliwa. Inakadiriwa kwamba walioathiriwa ni zaidi ya watu 40,000.

Soma tena jibu hilo kwa macho ya responda. Swali lilikuwa: je, huyu ni Mkenya? Daftari lililoulizwa ni la wakimbizi. Daftari hilo linaweza kusema tu kwamba kidole hiki kiliwahi kupokea chakula kambini. Kuhusu uraia wa babu yake, halina habari. Jibu la haki lingekuwa: sijui, muulize mwingine. Muulize chifu, muulize mkunga aliyemzalisha, tazama kitambulisho cha baba yake, tazama rejista ya shule ya msingi. Badala yake, "nimemwona kwingine" ikageuzwa kuwa "si wetu".

Katika ulimwengu wa vyeti kosa hilo haliruhusiwi hata kuanza. Swali la OCSP lazima litaje nambari pamoja na mamlaka iliyotoa, kwa sababu mamlaka mbili zinaweza kuwa na nambari ile ile na kila moja inajibu ya kwake. Mamlaka moja haibatilishi cheti cha mwenzake. Kadi ya mgao haiwezi kufuta uraia uliorithiwa kwa wazazi.

Na tazama kilichokosekana baada ya jibu. Je, kijana alipewa maandishi yenye sababu na jina la ofisi iliyoamua? Aliambiwa jibu hilo litadumu hadi lini? Aliambiwa kwamba amesimamishwa kwa muda na uchunguzi ukiisha atarudishwa? Wengi waliambiwa rudi baadaye. Ni lile lile "jaribu baadaye" lisilo na saini, ila safari hii halikutumwa na mdukuzi. Limetoka dirishani, na limewala watu miaka yao ya chuo, kazi zao za kwanza, hata laini ya simu na M-Pesa ya jina lao wenyewe. Ndiyo maana shirika la Haki na Sheria, ambalo liko hapa hapa Garissa, lilipeleka suala hili Mahakama Kuu.

Wazee wetu watasema hii si ngeni. Mwaka wa 1989 serikali iliwataka Wakenya Wasomali waende kuchujwa, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Yaani kitambulisho chako kilihitaji kitambulisho. Ukiulizwa cheti, unatoa cheti cha kuthibitisha cheti. Wahandisi wa OCSP walikutana na swali hilo hilo: responda nayo ina cheti, sasa nani atakikagua cheti cha responda? Wakaona kwamba ukiendelea kuuliza hutafika mwisho, wakaweka alama maalumu inayosema hapa tusiulize tena, na mamlaka inaweza kuchagua kukipa cheti hicho cha responda muda mfupi. Walijua ukaguzi lazima uwe na kikomo. Kwetu kikomo hicho kilichelewa mno. Ilibidi tungoje hadi Februari 2025, Rais William Ruto alipotia saini tangazo akiwa Wajir la kuondoa uchujaji wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani.

Tangazo ni jambo jema. Mimi nalipongeza. Lakini tangazo linaondoa kikao cha wazee na maafisa waliokuwa wanakuhoji. Haliondoi kidole kilichobaki kwenye hifadhidata. Kijana anaweza kupita bila kuhojiwa na mtu yeyote kisha akakwama kwa mashine. Na kadiri Maisha Namba inavyoenea, ndivyo mashine itakavyoulizwa mara nyingi zaidi kuhusu kila mmoja wetu: hospitalini, benki, shuleni, darajani.

Najua kuna atakayesema: wewe kijana, umesahau usalama? Sijasahau. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wangu na wako. Hakuna mtu wa mji huu anayeweza kuzungumzia ukaguzi kama mchezo. Lakini usalama ndio unaonifanya niandike hivi. Ukaguzi unaomweka mkimbizi, Mkenya aliyepata mgao utotoni na mhalifu katika kapu moja la "hapana" haumkamati mhalifu. Unamficha katikati ya watu 40,000. Na kule DigiNotar tumeona kinyume chake: mfumo unaosema "kizuri" kwa sababu tu hauna baya uliloandikiwa utampitisha mwenye karatasi bandia. Mfumo salama ni ule unaojua tofauti kati ya vitu vitatu, kizuri, kibaya na sijui, na una hatua tofauti kwa kila kimoja.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na hakuna hata moja ambalo kompyuta haijalifanya tayari.

Kwanza, kila ukaguzi wa kitambulisho uwe na jibu la tatu. Kama hifadhidata haina uhakika, iseme haina uhakika, na afisa aelekezwe pa kuuliza. Mzigo wa kutafuta ubaki kwa ofisi yenye mafaili, usiwe wa msichana wa Fafi mwenye nauli ya siku moja.

Pili, kila jibu la kukataa liwe na saini, tarehe na sababu, kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa za uongo juu yake zirekebishwe. Utarekebishaje jibu ambalo halikuandikwa popote?

Tatu, softfail iamuliwe mapema na hadharani. Mtandao ukikatika Mandera au Ijara, mgonjwa ahudumiwe, mwanafunzi aingie mtihani, karatasi zifuatiliwe baadaye. Kwa kuuza ardhi au kufungua akaunti kubwa, sawa, tusubiri. Siyo kila mlango unahitaji kufuli ya aina moja.

Nne, responda isigeuke mpelelezi. Kila anayeuliza kuhusu cheti anaacha alama: nani aliuliza, kuhusu nini, saa ngapi. Hii ni sababu kubwa iliyoifanya Let's Encrypt, inayotoa vyeti bila malipo kwa mamilioni ya tovuti, kuzima responda zake Agosti 6, 2025, ingawa zilikuwa zimefikia kujibu takriban maswali bilioni 340 kwa mwezi. Walisema waziwazi kwamba mfumo huo unahatarisha faragha ya watu, wakarudi kwenye orodha zilizoboreshwa na vyeti vya muda mfupi. Hapa Kenya, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha uzinduzi wa kadi ya Huduma kwa sababu athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Onyo hilo bado halijazeeka.

Hapo kwa Let's Encrypt kuna somo ambalo nalipenda kuliko yote. Walijenga kitu, kikafanya kazi, kikaonekana kina dosari, wakakizima. Hawakusema kwamba kwa vile kimekuwepo miaka mingi basi kiendelee kuwepo.

Kwa vijana wenzangu mnaosomea teknolojia hapa Garissa, Wajir, Mandera: kazi hii haitafanywa na mtu wa mbali ambaye hajawahi kuteremshwa kwenye basi. Weka FreeRADIUS kwenye laptopu kuukuu, washa OCSP, izime responda, uone nani anafungiwa nje. Halafu kaunti au wizara itakapoita wananchi kutoa maoni kuhusu mfumo mpya wa utambulisho, nenda. Usiende kupiga picha na mheshimiwa. Nenda uulize: mfumo wenu ukikosa jibu, unasemaje? Nani anatia saini? Jibu linaisha lini? Nikikataliwa kimakosa, natoka vipi?

Wakikujibu "jaribu baadaye", waulize saini iko wapi.

Na siku utakaposhuka tena darajani, foleni imepangwa na kadi iko mkononi, mtazame kijana aliyebaki kando ya barabara kwa sababu hana ya kuonyesha. Huenda hakuna daftari hata moja lililothibitisha kwamba si Mkenya. Huenda kuna daftari moja tu ambalo halikufundishwa kusema sijui.